Kodi, Ridhaa na Shule: Fundisho la Mbiru kwa Makada wa Leo

1. Swali lenyewe

Katika madarasa ya elimu ya siasa somo la kodi hupitiwa upesi. Mkufunzi husema kwamba kodi ni wajibu wa kila raia, wanafunzi huandika, na somo huishia hapo. Lakini kada anapopelekwa kijijini hukuta kwamba somo lile halikumfikisha mbali. Huko atakuta darasa lililojengwa hadi kwenye lenta likaachwa, mvua inalinyea. Atakuta orodha ya michango ambayo nusu ya kaya hazikulipa. Atasikia watu wakisema kwamba wamechoka. Akijibu kwa kurudia kwamba kodi ni wajibu, atakuwa amesema kweli ambayo haimsaidii mtu yeyote.

Makala hii inachunguza suala moja: ni kitu gani kinachowafanya wananchi wakubali kujitoza wenyewe kwa ajili ya shule zao, na ni kitu gani kinachowafanya wakatae? Tutalichunguza kwa kutumia historia ya Milima ya Upare, yaani wilaya za leo za Same na Mwanga, ambazo kabla ya mwaka 1979 zilikuwa wilaya moja ya Pare. Upare unafaa kwa uchunguzi huu kwa sababu mbili. Kwanza, watu wake wamejulikana kwa muda mrefu kwa bidii ya kujenga shule kwa jasho lao. Pili, watu haohao ndio walioendesha mojawapo ya migomo mikubwa ya kodi katika historia ya Tanganyika. Anayedhani kwamba mambo haya mawili yanapingana hajaelewa kodi ni nini.

2. Kodi ya mkoloni

Kodi haina tabia moja kwa nyakati zote. Tabia yake hutokana na dola inayoitoza. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, mtu alitozwa kwa sababu ana nyumba. Kwa umbo lake hiyo ilikuwa kodi ya majengo. Kwa shabaha yake ilikuwa njia ya kumtoa mkulima shambani kwake akatafute fedha, na fedha ilipatikana kwa kuuza mazao kwa bei aliyoipanga mwingine au kwa kuuza nguvu zake katika mashamba makubwa, kama yale ya mkonge yaliyofuata njia ya reli ya Tanga. Waingereza nao waliendeleza mtindo huo kwa sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya mwaka 1922. Kisha, kwa sheria ya utawala wa wenyeji ya mwaka 1926, waliwakabidhi machifu hazina ndogo za kienyeji, ili mwananchi amwone chifu wake mbele yake na mkoloni abaki nyuma ya pazia.

Katika mfumo huo mlipaji hakuulizwa neno. Kiwango kilipangwa na wengine, kikakusanywa na wengine, kikatumiwa na wengine. Hata sehemu ndogo iliyorudi kwa sura ya shule au zahanati ilirudi kama hisani ya bwana mkubwa. Haikuwa matunda ya uamuzi wa wenye fedha.

3. Kitendawili cha Mbiru

Katika miaka ya vita kuu ya pili utawala wa wilaya uliamua kuongeza mapato ya hazina ya wenyeji wa Upare. Juu ya kodi ya kichwa, iliyokuwa ya kiwango kimoja kwa wote, iliongezwa kodi ya daraja: mwenye mali nyingi alipe zaidi na mwenye mali kidogo alipe kidogo. Kodi hiyo ikapewa jina la mbiru, jina la ushuru wa kale ambao watu waliutoa kwa watawala wao wa jadi, wafumwa.

Watu wakaikataa. Upinzani ulianzia kaskazini, Usangi, ukaenea milima yote. Mwanzoni mwa mwaka 1945 maelfu ya wanaume waliteremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi mbele ya ofisi za serikali. Hawakwenda kwa siku moja na kurudi. Walikaa kwa miezi, na kila kijiji kikiwapelekea watu wake chakula. Wanawake nao hawakubaki nyuma. Wake wa Usangi waliandamana mbele ya watawala wakamtolea mkuu wa wilaya dai ambalo mpaka leo linasimuliwa: ama amalize ugomvi ili waume zao warudi majumbani, ama yeye mwenyewe awape mimba wote. Maneno hayo yalikuwa na maana nzito ya siasa. Walikuwa wanamwambia mtawala kwamba ameivunja nyumba, na anayevunja nyumba abebe mzigo wake.

Mgomo huo ulidumu kwa sura mbalimbali hadi kodi ya mbiru ikafutwa, na kufikia mwaka 1947 utawala ulilazimika kupanua mabaraza ili watu wa kawaida wapate wawakilishi badala ya kuongozwa na machifu peke yao. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo, ambaye kwa asili ni wa huko Upare, alilichambua tukio hili katika kitabu kilichotolewa mwaka 1971.

Hapa ndipo penye kitendawili. Kwa nadharia, kodi ya daraja ni ya haki kuliko kodi ya kichwa. Kodi ya kichwa humtoza tajiri na maskini kiasi kilekile, kwa hiyo humwumiza maskini. Kodi ya daraja humtoza kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Iweje basi wakulima wadogo waikatae iliyo ya haki, wadai warudishiwe iliyo ya dhuluma, hata kama kiwango chake kingepandishwa?

Wapo wanaojibu kwamba watu walidanganywa na wenye mali. Jibu hilo ni rahisi mno, na kada anapaswa kulishuku kila jibu linalosema kwamba umma ulidanganywa. Maelfu ya watu hawaachi mashamba yao kwa miezi kadhaa kwa sababu ya uongo wa wachache. Wengine husema watu walikataa kwa sababu hawakuelewa. La hasha! Walielewa vizuri sana.

Walielewa kwamba ili kodi ya daraja ikadiriwe, lazima mtu aingie nyumbani kwa mwenzake, ahesabu ng'ombe, mbuzi na miti ya kahawa, kisha aseme, "Wewe uko daraja hili." Nani alipewa kazi hiyo? Chifu na wasaidizi wake, watu ambao wananchi hawakuwachagua wala hawakuweza kuwaondoa. Kodi ya kichwa ilikuwa kali, lakini ilikuwa wazi: kila mtu alijua anadaiwa shilingi ngapi, na hakuna karani aliyeweza kumpandisha jirani kwa chuki au kumshusha ndugu kwa upendeleo. Kodi ya daraja, mikononi mwa watu wasiowajibika kwa umma, ilikuwa rungu. Na kwa kuitwa mbiru, iliwatangazia watu kwamba wanarudishwa katika hali ya kutoa ushuru kwa mtawala, bila ya zile haki na wajibu wa mtawala zilizoambatana na ushuru ule hapo kale.

Kwa hiyo fundisho la kwanza ni hili: haki ya kiwango haisimami peke yake. Kodi ina miguu mitatu. Mguu wa kwanza ni uamuzi: nani amekata shauri kwamba tutozwe? Mguu wa pili ni makadirio: nani anapima uwezo wa kila mtu, na kwa kipimo gani? Mguu wa tatu ni matumizi: nani anaiona fedha mpaka mwisho wake? Mbiru ilikuwa na kiwango chenye sura ya haki, lakini haikuwa na hata mguu mmoja kati ya hiyo mitatu. Ndiyo maana ilianguka.

4. Msaragambo na ndiva

Watu haohao walioikataa mbiru walikuwa wakijitoza kila mwaka bila ya kulazimishwa na mkoloni. Upare unao utaratibu wa kazi ya pamoja uitwao msaragambo. Baragumu likilia, kila kaya hutoa mtu: kutengeneza njia, kuzibua mfereji, kubeba mawe ya msingi wa shule. Asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini, na faini hiyo watu huiona ni haki kwa sababu kila mtu anajua nani alifika na nani hakufika.

Mfano bora zaidi ni ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhi maji ya mfereji usiku ili yamwagilie mashamba mchana. Milimani na kwenye miteremko inayoelekea Makanya, nchi kame ya mvua haba, ndiva ndiyo uhai. Lakini ndiva ina tabia moja: hujaa tope. Hata ikijengwa kwa ustadi namna gani, tope lisipotolewa, baada ya misimu michache haina maji. Kwa hiyo wenye ndiva hukutana tena na tena, huagana upya, hugawana kazi upya, na mgawo wa maji hufuata kazi hiyo. Mapatano ya mwaka juzi hayatoshi kwa mwaka huu.

Ridhaa ya kodi ni kama ndiva. Wananchi wakikubali leo kuchangia shule, ukubali huo si mali ya kiongozi ya kuitumia milele. Usipofanywa upya, hujaa tope: tope la hesabu zisizosomwa, la darasa lisilokwisha, la mchango wa kuezeka unaodaiwa mwaka wa tatu mfululizo. Kiongozi asiyejua hilo hushangaa akiona watu waliokuwa wakali wa kazi sasa wamekaa majumbani, kisha huwaita wavivu.

Kwa mtindo wa kazi ya pamoja, na kwa msukumo wa madhehebu yaliyoanzisha shule mapema (Waadventista kwa mfano walifika Upare wa kusini mwaka 1903), watu wa milima hii waliifanya elimu kuwa mazao yao makuu. Ardhi ni finyu, nayo haiwezi kugawanywa bila kikomo kwa kila kizazi. Mzazi asiye na shamba la kumrithisha mtoto humrithisha shule. Hilo nalo ni suala la uchumi. Halihusu kabila wala damu, na kada asikubali lielezwe kwa namna nyingine.

5. Njia tuliyopita tangu uhuru

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 nchi ililitazama upya suala la kodi. Mwaka 1969 kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa pamoja na ushuru wa mazao. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zenyewe zikavunjwa kwa mpango wa madaraka mikoani. Mwaka 1973 ada ya shule za msingi ilifutwa, na Novemba 1974 TANU katika Azimio la Musoma iliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Vijiji vilifyatua matofali, vikajenga kwa wingi, na nchi ilipiga hatua ambayo nchi nyingi zenye pato kama letu hazikuipiga.

Lakini jambo moja halina budi kusemwa. Taifa lilichukua mzigo wote wa fedha wakati uchumi ulikuwa unaelekea kwenye dhiki kubwa ya mwisho wa miaka ya 1970. Mapato yalipopungua, mzigo ulirudi kwa mzazi kupitia mlango wa nyuma, kwa jina la michango. Kwa sheria za mwaka 1982 serikali za mitaa zikarudishwa, halmashauri za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984, na kodi ya maendeleo ikaja pamoja nazo. Wazee wa Same wanakumbuka jinsi ilivyokusanywa katika sehemu nyingi za nchi: mgambo alfajiri, watu kukimbilia vichakani, mbuzi kukamatwa. Ilikuwa ya kichwa tena, ikafutwa mwaka 2003.

Upande wa shule, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulianza mwaka 2002 pamoja na kufutwa tena kwa ada, na kamati za shule zikapewa fedha na madaraka ya kujenga. Mpango wa sekondari ulifuata mwaka 2004, shule za kata zikaota kila mahali, na wananchi wakabeba mawe, mchanga na maji kichwani mpaka kwenye vilele vya Chome na Vudee. Waraka wa elimu wa mwaka 2015 ulitangaza elimu bila malipo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku wanafunzi kudaiwa michango shuleni, ikaelezwa kwamba anayetaka kuchangia apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri na wala si kwa mwalimu. Mwishoni mwa mwaka 2021, kwa mkopo nafuu wa kukabili athari za UVIKO-19, serikali ilijenga vyumba vya madarasa 15,000 nchini, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, kwa shilingi milioni 20 kila chumba.

Na kodi ya majengo? Ilikuwa chanzo cha halmashauri za miji kwa sheria ya mwaka 1983. Mwaka 2016 ukusanyaji wake ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato, na tangu mwaka 2021 mwenye nyumba yenye umeme hukatwa kupitia mita ya LUKU anaponunua umeme. Ukusanyaji umekuwa rahisi, na hilo ni jema. Kodi hiyo imepitishwa na Bunge, nalo ni chombo halali. Lakini mlipaji wa mjini Same anayekatwa haoni uhusiano wowote kati ya makato yale na dawati la mtoto wake. Mguu wa tatu wa kodi, kuonekana kwa matumizi, umefupishwa.

Tukiitazama njia hii yote tunaona mwendo wa kwenda na kurudi. Mara taifa hubeba yote, na mwananchi huwa mtazamaji. Mara mwananchi hubebeshwa, na asiye na uwezo huumia. Hatujapata bado jibu la kudumu la namna ya kuunganisha mambo mawili: ridhaa ya mahali na usawa wa taifa.

6. Ridhaa bila usawa: mfano wa Marekani

Wapo watakaosema dawa ni kupiga kura tu. Tutazame nchi ambako wananchi hupiga kura hasa juu ya kodi ya shule. Katika majimbo kadhaa ya Marekani, kama Ohio, shule za umma za kila eneo hutegemea kwa sehemu kubwa kodi ya majengo ya eneo hilo. Halmashauri ya shule ikitaka fedha huomba kibali kwa karatasi ya kura: ndiyo au hapana. Kodi nyingi za namna hii hupewa muda, kwa mfano miaka mitano. Muda ukiisha, hufa isipokuwa wapiga kura wameihuisha. Shule iliyoshindwa kura hupunguza walimu, mabasi na masomo.

Utaratibu huo una jambo la kujifunza. Mtoza kodi analazimika kurudi kwa watu na kueleza alifanya nini na fedha ya awali. Ndiva inazibuliwa kwa sheria.

Lakini una kasoro kubwa, nayo ni ya kitabaka. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kata mbili zina nyumba 500 kila moja. Katika kata ya kwanza nyumba ina thamani ya wastani wa shilingi milioni 20. Katika ya pili ni milioni 4. Zote zikijitoza asilimia moja, ya kwanza hupata milioni 100, ya pili hupata milioni 20. Ili kata maskini ipate milioni 100, lazima ijitoze asilimia tano. Maskini hujikamua mara tano zaidi ili mtoto wake apate kilekile. Wote wamepiga kura, wote wameridhia, na bado dhuluma imekamilika.

Wamarekani wenyewe wamelipeleka suala hili mahakamani. Mwaka 1973, katika kesi ya wazazi wa San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwa majaji watano dhidi ya wanne kwamba katiba ya taifa haikatazi tofauti hizo. Mwaka 1997 Mahakama Kuu ya Ohio iliamua kwamba kuzitegemea mno kodi za majengo za mahali kulikuwa kinyume cha katiba ya jimbo. Michigan, mwaka 1994, ilihamisha sehemu kubwa ya gharama kutoka kodi ya majengo ya mahali kwenda kodi ya mauzo ya jimbo zima. Kwa jirani zetu Wakenya, shule za Harambee zilifundisha jambo hilohilo kwa njia nyingine: wananchi walijenga kwa moyo mkuu, lakini wilaya zenye mazao ya fedha zilijenga zaidi na kupata walimu zaidi.

Nasi hatuko nje ya hatari hiyo. Katika miaka ya 1970 serikali iligawa nafasi za sekondari kwa mikoa na wilaya ili maeneo yaliyotangulia kwa sababu za historia yasizichukue zote. Wazazi wa Kilimanjaro na Upare walioona nafasi zimepungua walijenga sekondari zao, kupitia madhehebu, jumuiya ya wazazi na mifuko ya wilaya. Je, walikosea? Mzazi anayemjengea mtoto wake shule hakosei. Lakini taifa linaloacha shule zifuate mfuko wa kila mahali linajijengea matabaka kwa matofali ya wananchi wenyewe.

Wala haitupasi kwenda mbali. Ndani ya wilaya ya Same peke yake Ndungu wana mashamba ya mpunga ya umwagiliaji, Mamba wana tangawizi, Makanya wana jasi, na huko Ruvu wafugaji hufuata malisho. Ukisema kila kata ijitegemee kwa shule zake, umeshaamua ni watoto gani watakaosoma kwenye sakafu ya saruji na ni gani watakaosoma chini ya mgunga.

7. Kuunganisha ridhaa na usawa

Kutokana na hayo, tunaweza kuweka misingi minne kwa kada anayefanya kazi kijijini.

Msingi wa kwanza: yaliyo ya haki ya kila mtoto yabebwe na taifa. Mwalimu, kitabu na chumba cha msingi cha darasa visitegemee utajiri wa kata. Ujenzi wa mwaka 2021 umeonyesha kwamba mfuko wa taifa ukiamua unaweza kukifikia kijiji. Mchango wa mahali uwe wa kuongeza, kama vile chakula cha mchana, uzio, bweni au nyumba ya mwalimu.

Msingi wa pili: uamuzi ufanywe na mkutano mkuu wa kijiji ulio halisi. Sheria Namba 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano huo wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi kuwa chombo kikuu cha kijiji. Lakini tunajua jinsi unavyoweza kugeuzwa mchezo. Mwenyekiti huuliza, "Mmekubali?" Watu walio mbele huitikia, "Tumekubali!" na katibu huandika kwamba kijiji kizima kimepitisha. Mwitikio wa namna hiyo hauna tofauti na mbiru. Makadirio yabandikwe siku kadhaa kabla, watu wahesabiwe, wapinzani wasikilizwe na hoja zao ziandikwe.

Msingi wa tatu: mchango uwe wa daraja, na makadirio yafanywe na wanaoaminika. Vijiji vingi hutoza kiwango kimoja kwa kila kaya. Tunaita mchango, lakini kwa umbo lake ni kodi ya kichwa. Mjane mwenye robo ekari ya maharage hulipa sawa na mwenye duka na gari la mizigo. Tuseme kijiji cha kaya 400 kinataka shilingi milioni 2. Kwa kiwango kimoja kila kaya italipa 5,000. Kwa daraja, kaya 200 za chini zikilipa 2,000, kaya 150 za kati zikilipa 6,000, na kaya 50 zenye uwezo zikilipa 14,000, jumla ni milioni 2 ileile. Ugumu uko katika kupanga nani awe wapi. Hapo ndipo mbiru ilipoanguka, na hapo ndipo kijiji huru kinapoweza kufaulu, kwa sababu wapimaji wanaweza kuchaguliwa na vitongoji, orodha ikasomwa hadharani, na mwenye malalamiko akasikilizwa. Asiye na kitu atoe nguvu kwenye msaragambo, na asiye na kitu wala nguvu asamehewe bila ya kuaibishwa.

Msingi wa nne: kila mchango uwe na muda na mwisho. Uelezwe ni wa kazi gani, wa muda gani, na siku gani hesabu zitasomwa. Muda ukiisha, mchango ufe. Anayeutaka uendelee arudi mkutanoni na risiti mkononi. Akinyimwa, asiwalaumu watu kabla ya kuyatazama matumizi yake.

Juu ya yote, mtoto asiwe rehani. Deni la mchango ni la mzazi na kijiji. Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu baba yake hakulipa ni kumwadhibu asiyehusika, na sasa ni kinyume cha taratibu za nchi.

8. Kazi ya kada

Kuna kada anayejiona kuwa mkusanyaji, na kuna anayejiona kuwa mwalimu wa umma. Wa kwanza hupima kazi yake kwa kiasi alichopeleka wilayani. Wa pili hupima kwa idadi ya watu wanaoweza kueleza wametoa nini, kwa nini, na kimefanya nini. Wa kwanza akihamishwa, michango huisha. Wa pili akihamishwa, kijiji huendelea.

Watu wa Upare waliopiga kambi Same mwaka 1945 hawakuwa maadui wa maendeleo. Watoto na wajukuu wao ndio waliofyatua matofali ya shule ambazo leo zimejaa milimani. Walikataa kutozwa kama raia wa kutawaliwa, wakakubali kujitoza kama wenye nchi. Kijiji kinapokataa mchango, kada mwenye busara haanzi kwa kutafuta wachochezi. Huanza kwa kuuliza ni mguu upi kati ya ile mitatu uliovunjika, kisha huitisha mkutano.

Maswali ya majadiliano

1. Kwa nini kodi yenye kiwango cha haki inaweza kukataliwa na wanyonge? Toeni mfano wa mbiru na mfano mwingine kutoka mahali penu.

2. Chunguzeni mchango mmoja wa shule katika kata yenu. Nani aliamua? Nani alikadiria? Hesabu zilisomwa lini?

3. "Kila mahali pajitegemee." Elezeni lini kauli hii hujenga ujamaa na lini hujenga matabaka.

4. Pangeni utaratibu wa kuchagua wapimaji wa daraja katika kitongoji chenu, pamoja na njia ya kukata rufaa.